Msambaa Mwenye Kilemba

Cherehani yangu iko kwenye baraza ya mashine ya kusaga hapa Kwedizinga, na ndiyo maana kila nguo ninayoshona inatoka na unga. Wateja wameshazoea. Bibi harusi mmoja alipokuja kuchukua gauni lake alilikung'uta mbele yangu, tukapiga chafya wote wawili, akasema heri, hatanunua poda. Mimi nina ndoto zangu. Nataka siku moja nguo niliyoishona ipande ndege. Mwenyewe nikibaki chini si neno, ila nguo ipande. Watu nikiwaambia hivyo wanacheka, na mimi nacheka, kisha naendelea kukanyaga cherehani.

Baraza hiyo siilipii. Siku matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka, mwenye mashine aliomba simu yangu, akayasoma taratibu kama mtu anayesoma tangazo la msiba, akanirudishia. Akasema, "Pale kwenye kona pana mwanga mzuri wa kutungia uzi." Kesho yake nikahamia kwenye kona.

Mwenye mashine ni Singasinga. Ana ndevu nyeupe zilizofika kifuani, bangili ya chuma mkononi, na kilemba kikubwa kuliko cha shehe wetu, jambo ambalo shehe halipendi, hasa siku za maulidi wageni wanapomwamkia mwenye mashine kwanza. Lakini kinachoshangaza zaidi ni sweta. Kwedizinga jua likiwaka mbuzi wanagombania kivuli cha nguzo ya umeme, na mzee wa mashine amekaa mlangoni, amevaa sweta la mikono mifupi, hatoki hata jasho.

"Wasambaa wanazaliwa na sweta," babu yangu hupenda kusema. "Mkunga anakata kitovu, anafunga vifungo."

Hapo lazima nieleze, kwa sababu msomaji atauliza Singasinga na Usambaa vinakutana wapi. Vinakutana Korogwe. Mzee huyu alizaliwa Punjab, akaletwa Korogwe angali mtoto na mjomba wake, fundi wa mapaa ya majengo ya mashamba ya mkonge. Mjomba akafa. Mama wa Kisambaa aliyekuwa akiwapikia alimshika mtoto mkono, akaenda naye kwao Mkumbara, akamlea pamoja na wake. Ndiyo maana mzee hadi leo akijigonga kidole kwenye mashine analia kwa Kishambaa. Alipokua akawa dereva wa lori la shamba la mkonge, na utingo wake akawa babu yangu mzaa mama, Mzigua wa hapa hapa. Vita vile vya mpakani vilipoanza, lori likachukuliwa, na dereva na utingo wakachukuliwa pamoja nalo. Wakafunzwa, wakapewa gwanda na bunduki, wakawa askari. Kofia ya chuma, anasema babu, ilikaa juu ya kilemba kama sufuria juu ya mafiga.

Vita vilipoisha, babu alimleta mwenzake huku akamwambia kuna mahindi na hakuna mashine. Wazee wa kijiji wakakaa kuamua mgeni ni mtu gani. Kalelewa na nani? Na Msambaa. Basi ni Msambaa. Na Wasambaa na Wazigua ni watani, kwa hiyo tangu siku ile mzee wa mashine hajawahi kusikia neno la heshima kutoka kwa babu yangu. Anayejua utani anaelewa. Mtani unamtukana, naye anakutukana, anachukua kofia yako anakimbia nayo, na atakayenuna ndiye mshamba.

Kila asubuhi babu hufika kwenye mashine akichechemea. Hana cha kusaga. Amekuja kutukana.

"Msambaa! Hujafa?"

"Nife nikuachie nani, Mzigua? Nani atakusagia hayo makopa yako ya muhogo yenye dudu?"

"Vua sweta, mbu wanalalamika hawana pa kuuma."

"Wewe vua huo mguu, unatutia kichefuchefu."

Huo mguu wa babu ulikuwa na hadithi nyingi. Mimi aliniambia alipigwa teke na punda. Mama yangu aliambiwa ni fisi. Mke wa mwenyekiti wa kijiji aliambiwa ni kwa sababu ya kucheza ngoma sana. Tulishaacha kuuliza.

Mambo yalianza na simu. Laini ya simu ya mzee wa mashine ilisajiliwa kwa kitambulisho cha babu, kwa kuwa mzee hakuwa na kitambulisho cha taifa. Watu wakimtumia fedha za kusaga linatokea jina la babu, na babu akatangaza kijiji kizima kwamba mashine sasa ni yake, Msambaa amebaki kibarua. Tukacheka. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu mzima wa miaka yote hiyo hana kitambulisho.

Kisha kupitia simu hiyo hiyo, kijana mmoja wa ukoo wao huko Punjab akamtafuta, na Jumapili moja mchana nikamwona mzee ameishika simu kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi. Kwenye kioo alikuwemo bibi kizee mwenye pua yake ile ile. Dada yake. Alimwacha akiwa bado anatambaa.

Walizungumza kila Jumapili. Mzee Kipunjabi chake kimechakaa, anaanza sentensi vizuri halafu anamalizia kwa Kishambaa, na dada yake anacheka mpaka anashika meno. Miguu ya dada haifanyi kazi tena, hasafiri. Anakaa kwenye kiti juani, anafuma. Kila mara alimuuliza kaka yake atakuja lini, na mzee akamjibu, mvua zikiisha. Siku moja dada akauliza, mvua za wapi? Mbona huku hainyeshi?

Siku hiyo mzee alizima mashine mapema. Akaja kukaa kwenye stuli yangu ya wateja.

"Fundi, mimi nikipanda ndege kwenda, kurudi nitarudije?"

"Kwa ndege, mzee."

"Nitawaonyesha nini wanifungulie mlango?"

Yeye muda wote alijiona ni raia. "Niliambiwa nikailinde nchi yangu," aliniambia. "Nikaenda. Hakuna aliyeniambia ni ya watu wengine." Akashusha pumzi. "Nataka nikashuke kule niwe mgeni, wanikaribishe chai. Halafu nirudi huku niwe mwenyeji. Kinyume chake sikitaki."

Basi tukaenda Handeni, yeye na mimi, kwenye ofisi inayohusika na mambo hayo. Alivaa sweta jipya. Afisa aliyetupokea alikuwa kijana wa rika langu, viatu vinang'aa, kazaliwa na kukulia Dar, na kusema kweli alikuwa na adabu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba baba. Hujambo?"

"Sijambo. Wewe ni raia wa wapi, mzee?"

"Wa Kwedizinga."

"Nauliza nchi."

"Kwani Kwedizinga siku hizi iko nchi gani?"

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Afisa akajikaza asicheke. Akauliza mahali alipozaliwa, mzee akataja Punjab. "Kwa hiyo, mzee, wewe ni Mhindi." Mzee akasema yeye mwenyewe alifikiri hivyo zamani, ila akiongea na dada yake, dada anakataa.

Kukawa na suala la ushahidi. Mtu anayeomba uraia wa tajnisi, ule wa kupewa na si wa kuzaliwa, lazima ijulikane ameishi wapi na ameishije miaka hiyo yote. Mzee akafungua sanduku lake la bati la jeshini. Karatasi zake za jeshi zilikuwemo humo, na mchwa pia walikuwemo humo. Kilichobaki ni kipande cha ukubwa wa kiganja chenye nusu ya muhuri. Mzee akakiweka mezani kwa heshima.

"Muhuri wameuacha," akasema. "Angalau wanaiogopa serikali."

Afisa akakipuliza vumbi, akakigeuza huku na huku. Akasema atafika mwenyewe kijijini kuongea na majirani. Ila angependa hasa mtu aliyekuwa naye jeshini. Je, yupo?

"Yupo mmoja tu aliyebaki," mzee akajibu, akaanza kukuna ndevu. "Mzigua."

"Ni mtu wa kuaminika?"

Mzee akafunga sanduku lake. "Ni mtu anayesema sana," akasema.

Kabla ya kuondoka tukapita kwa mpiga picha. Mpiga picha akamwambia mzee avue kofia. Mzee akamwambia si kofia, ni kitambaa, na akikianza kukifungua itabidi mtu ashike ncha aende nayo hadi stendi. Mpiga picha akaona uvivu wa kwenda stendi. Ikapigwa hivyo hivyo.

Siku afisa alipofika Kwedizinga, kijiji kilikuwa kimejiandaa vizuri mno. Baraza ilifagiliwa. Mimi niliwekwa pembeni na cherehani yangu nisichafue suruali ya serikali. Mwenyekiti wa kijiji akamsifu mzee kwa maneno yaliyoandikwa, akakosea mstari, akarudia kuanzia mwanzo. Akina mama wakasema mizani yake haidanganyi na kwamba wakati wa njaa husaga kwanza, fedha hudai baadaye. Afisa akaandika, akatabasamu. Kisha akaitwa babu. Alikuwa amevaa kanzu safi na amechukua fimbo ambayo haitumii.

"Mzee wangu, huyu bwana unamfahamu?"

Babu akamtazama mzee wa mashine kuanzia kilembani hadi kandambili.

"Simfahamu," akasema. "Alikuja hapa kuomba maji ya kunywa, akabaki na mtungi."

Watu wakaangua kicheko. Mzee wa mashine ndiye aliyecheka zaidi, anajipiga paja.

"Lakini mlikuwa wote vitani?"

"Nani, huyu? Vitani alikuwa anauza vitumbua."

"Na tabia yake?"

"Mwizi wa kuku. Kama unaye wako kwenye gari, kamwangalie sasa hivi."

Kicheko juu ya kicheko. Mama mmoja alikaa chini kabisa. Na mimi nilicheka, sitaficha, nilicheka mpaka nikaegemea ukuta, na nikiwa pale ukutani nikaona afisa peke yake hacheki. Anaandika.

Nikamfuata kwenye gari. "Afande, yule ni mtani wake."

"Mimi nimeuliza swali, nimejibiwa," akasema, na hakusema kwa ukali. "Kule ofisini nikisema walikuwa wanataniana, nitaulizwa ukweli ni upi. Ukweli ni upi?"

Nikasema ukweli ni kinyume cha yote aliyosema babu. Akasema hawezi kuandika kinyume.

Baada ya majuma kadhaa ikaja taarifa: shahidi mkuu hakumsaidia mwombaji, afisa atarudi mara moja tena, shahidi ajirekebishe au apatikane mwingine. Mzee wa mashine aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni mwa sweta. Mashine ikaendelea kunguruma. Jumapili ile dada yake hakuwa kwenye kiti juani, alikuwa kitandani, sauti ndogo. Bado anafuma, lakini taratibu. Mzee hakutaja mvua tena. Alimwambia, "Nakuja," akazima simu, akaenda kusimama nyuma ya magunia ya pumba.

Nilimwendea babu nyumbani. Nikamwambia aseme vizuri, mara moja tu, mbele ya afisa.

"Haiwezekani."

"Babu, ni sentensi moja."

"Wewe mtoto wa siku hizi. Mtani unamsifu lini?"

Nilikuwa najua. Mtani anasifiwa akishakufa. Ndipo unaruhusiwa kusema alikuwa mtu mwema, na hata hapo unasema kwa kuzungukazunguka.

"Unataka nimzike angali hai?" babu akaniuliza, na macho yake hayakuwa na mzaha. "Mimi nikisema yule ni mtu mwema, na watu wamesikia, kesho akiugua nitajificha wapi?"

Hata hivyo alijaribu. Nilimweka kwenye stuli, mzee wa mashine akiwa amekwenda Segera kununua mkanda wa mashine, nikajifanya afisa. "Mzee, unamwonaje huyu bwana?" Babu akasimama wima kama yuko gwaride. Akavuta pumzi. "Ni mtu," akasema. Jasho likamtoka. "Ni mtu... mwenye sweta." Akakaa. "Mdomo unakataa, mjukuu wangu. Niletee maji."

Wakati tunahangaika hivyo, dada yake babu akafariki. Alikuwa bibi mzee sana, kala chumvi yake yote na ya majirani, na alimlea babu kwa mgongo wake tangu mama yao alipokufa. Babu hakulia mbele ya watu. Alikaa kwenye mkeka, akatazama mlango.

Tulikuwa tunachimba kaburi nyuma ya shamba la mihogo, vijana kwa zamu. Mimi zamu yangu ilikuwa imeisha, nafuta tope mguuni, ndipo watani walipofika. Yaani mzee wa mashine. Wasambaa wengine hapa ni wachache na siku ile walikuwa safarini, kwa hiyo aliwakilisha kabila zima. Alinyang'anya jembe, akampaka kijana mmoja udongo usoni, akamuuliza shehe kama amekuja kuzika au kupima vilemba. Shehe akageuka, akajifanya anatafuta kitu kwenye kanzu. Kisha mzee akavua kandambili, akateremka kaburini, sweta na kilemba, akakaa chini, akanyoosha miguu.

"Pazuri," sauti ikatoka shimoni. "Kuna ubaridi wa milimani. Mzigua haingii humu mpaka nilipwe jogoo wangu."

Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka na machozi yao hayo hayo. Ndiyo kazi yenyewe ya mtani. Ila mimi nilikuwa nimeangalia upande wa barabara, na nikaliona lile gari.

Afisa alikuwa anakuja katikati ya mihogo, faili kwapani, viatu vyake vinazama. Alifika kwa mwenyekiti, akaambiwa wote wako mazikoni. Nikapiga magoti ukingoni mwa kaburi.

"Mzee! Toka! Afisa amekuja!"

"Mwambie karibu."

"Akikukuta humu? Atakuona mwendawazimu! Mzee, dada yako!"

Akanitazama kutoka chini. Kilemba kilikuwa na udongo. "Fundi," akasema polepole, "leo mimi sina mambo ya uraia. Leo nina msiba wa mtani wangu. Nikitoka bila kulipwa, nani atasema bibi huyu alizikwa na watu?"

Afisa alikuwa ameshafika. Akachungulia. Mwombaji wake akamsalimu kutoka kaburini.

"Kwa nini hamumtoi?" afisa akamuuliza mzee mmoja kwa sauti ya chini.

"Hatuwezi. Ni mtani."

"Mtani kivipi?"

"Huyo si ni Msambaa!"

"Yule pale ni Msambaa?"

Mzee yule akamshangaa. "Kwani wewe ulimwona ni nani? Na wewe mwenyewe, kijana, kabila gani?"

Afisa akasita. "Baba anatoka Bumbuli," akasema. "Ila mimi nimekulia Dar, hata lugha sijui."

Kelele iliyotoka pale sijawahi kuisikia hata kwenye mpira. Msambaa! Kumbe na huyu Msambaa! Na shimoni mzee wa mashine akainuka kwa furaha, akanyoosha mkono wenye bangili.

"Mdogo wangu! Niko peke yangu tangu asubuhi! Onga mshi!"

Kijana hakujua kuitikia salamu hiyo ya Kishambaa. Mzee akamfundisha pale pale, mmoja juu, mmoja chini, neno kwa neno, hadi akaitikia vizuri. Kisha akamwambia avue viatu. Afisa aliangalia faili, akaangalia watu, akaangalia kaburi. Akanikabidhi faili. Viatu akavivua, lakini kuingia akaogopa, akakaa ukingoni miguu ikining'inia, mikono juu ya magoti kama mtoto aliyeletwa kunyolewa. Mtu akampaka udongo shavuni. Hakuufuta.

Babu akaitwa alipe, maana muda unakwenda na jeneza liko tayari. Alikuja anachechemea, jogoo wawili mikononi, kwa kuwa alishaambiwa Wasambaa wameongezeka. Macho yalikuwa mekundu. Akasimama ukingoni akamtazama mwenzake.

"Toka, Msambaa wewe."

"Wanene?"

"Mmoja mnene, mmoja kama wewe. Toka, nataka kumlaza dada yangu."

"Omba vizuri."

Na babu akafungua mdomo kutukana. Nilimwona, alishaukunja uso kwa tusi. Lakini nadhani siku ile ndani yake mlikuwa mmejaa mno, likatoka lililokuwa mbele.

"Nikuombe mara ngapi?" akasema, na sauti ikapasuka. "Kule mpakani mguu huu umepasuliwa na chuma, nilikuambia uniache, ukaniomba ninyamaze. Ukanibeba mgongoni mchana kutwa, unanidanganya tumefika, tumefika. Ukanirudisha kwa huyu dada yangu niko mzima. Leo nampeleka yeye, wewe umenikalia njiani."

Watu wazima walitazamana. Kijiji kizima kilikuwa kimesikia mtani akimsifu mtani, na mwenyewe yumo kaburini.

Babu naye akashtuka. Akajishika mdomo.

"Na ulinibeba vibaya!" akapiga kelele. "Ulinigonga kichwa kwenye kila mti! Dereva gani wewe!"

Kaburi likacheka. Wote tukacheka, kwa nguvu kuliko ilivyostahili, ili kulifukia lile neno. Mzee wa mashine akapanda juu, afisa akimvuta mkono mmoja na babu mwingine. Jeneza lilipofika utani ulikoma kama redio iliyokatiwa umeme. Mzee wa mashine alinawa, akasimama nyuma ya safu wakati wa dua, ameinamisha kilemba, na machozi yakashuka hadi kwenye ndevu bila yeye kuyazuia.

Baadaye afisa alimpata babu chini ya turubai. Alikuwa na soksi tu, viatu kavishika mkononi.

"Mzee, lile la kubebwa. Ni kweli?"

"Mimi? Sikusema kitu."

"Nimesikia."

Babu akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "La kugongwa kichwa ni kweli," akanong'ona. "Andika hilo. Na huwezi kugongwa kichwa bila kubebwa."

Afisa akaandika juu ya goti lake. Jogoo wake alimkataa, akasema kazi haimruhusu kupokea kitu. Mzee wa mashine akawachukua wote wawili, akasema huo ndio msaada wa kwanza kuupata kutoka serikalini.

Haikuwa kesho yake wala mwezi uliofuata. Kulikuwa na safari nyingine za Handeni, na ya Korogwe kutafuta watu waliomkumbuka mjomba, na kusubiri kwingi. Lakini jibu lilikuja, na likawa ndiyo. Kwa ajili ya kiapo nilimshonea suti ya kijivu. Nilimwambia kibarua wa mashine aizime mashine siku nzima ili suti isipate unga, na bado ilipata. Siku ya kiapo mzee alinyoosha mkono wenye bangili akasoma maneno bila kukosea. Babu alikaa nyuma, ameambiwa asikohoe. Tulipotoka nje akampa mkono.

"Pole," akamwambia. "Sasa utaanza kulalamikia bei ya sukari kama sisi."

Na suti yangu ikapanda ndege. Niliisindikiza hadi Segera kwenye basi la kwenda Dar, nikaikung'uta mabega mara ya mwisho. Sikuona ndege, lakini niliiona akilini, huko juu, na pindo zangu.

Dada yake alikuwa bado yupo. Tuliwaona kwenye simu, wamekaa juani, pua mbili za aina moja. Mzee alitulalamikia kwamba majirani wa huko wanakuja kumtazama na kumuuliza habari za kwao, yaani za hapa. Anapewa chai kila nyumba. Alikuwa anafurahi mno.

Babu ndiye hakufurahi. Alikuja kwenye mashine kila asubuhi, akachungulia mlangoni, akamkuta kibarua, akamsalimu kwa adabu, akaondoka. Siku moja akanikuta naongea naye kwenye simu.

"Muulize anarudi lini," akasema. "Nimechoka kuwa mtu mzuri."

Alirudi kabla ya mvua. Kwenye uwanja wa ndege, alisema, walimwangalia pasi, wakamwangalia yeye, wakamwambia karibu nyumbani mzee, na akalazimika kuinama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakina kamba. Alileta mfuko mmoja. Dada yake alikuwa amefuma sweta la sufu nzito ya bluu, lenye mikono mirefu, na si kwa ajili ya kaka yake. Aliambiwa kuna Mzigua mmoja ana baridi ya mguu.

Babu alilishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya.

"Mnataka kunigeuza kabila."

"Lete nimrudishie."

"Nani kasema urudishe?"

Akalivaa. Jua lilikuwa la utosi, unga umetanda barazani, mbuzi wako kwenye nguzo. Babu akakaa mlangoni kando ya mwenzake, jasho likimchirizika hadi kidevuni, na mimi nikamwambia avue, atazimia. Akaniambia nikanyage cherehani yangu, nisiingilie mambo ya wakubwa.